Muulize Mama Fundi: Vaisigripu za Karakana ya Nyumbani

Toleo lililopita nilimjibu msomaji aliyetaka kujua kama anunue jiliwa kubwa, yaani kile kibanio cha mezani, nikasema kwa kupita tu kwamba mwenye vaisigripu tatu nzuri anaweza kuingoja jiliwa bila kazi yake kulala. Sentensi hiyo moja imeleta barua nyingi kuliko jiliwa yenyewe. Basi ukurasa wote leo ni wa koleo hizi zinazojifunga. Barua nimezifupisha, majina ya kujificha wamejipa wenyewe.

SWALI: Shikamoo mama fundi. Ndiyo kwanza naanzisha karakana ndogo nyumbani. Kazi zangu ni bawaba za milango, baiskeli za watoto, viti vya chuma vilivyolegea, na nimeanza kujifunza kuchomelea. Nimeona seti ya vaisigripu za kila urefu ndani ya begi lake. Nimeona pia moja tu ya kampuni inayojulikana, na bei yake inakaribia ya seti nzima. Nichukue ipi? – Mwanafunzi wa Uzeeni

JIBU: Marahaba mwanangu, hata kama uzee umeshabisha hodi.

Seti iache. Seti hupangwa na mtu anayejaza begi. Humo ndani utakuta tatu zenye taya la aina moja zilizotofautiana urefu tu, na ile unayoihitaji haimo. Kabla ya kuuliza kampuni, jiulize unachotaka kukishika kina umbo gani. Ni cha mviringo? Ni bapa? Ni kidogo na kimejificha mahali ambapo vidole havifiki? Au ni vipande viwili vinavyotakiwa kutulia pamoja huku mikono yako ikifanya jambo lingine? Unachonunua ni taya. Mipini na skrubu vinafanana kwa karibu zote.

Ya kwanza iwe ya inchi 10, yaani milimita 250, yenye mataya yaliyopinda na kikata waya karibu na koo. Mataya yaliyopinda yanashika bomba na nondo kwa sababu yanagusa zaidi ya sehemu mbili. Yaliyonyooka yangegusa juu na chini tu, kitu kikateleza. Hiyo ya inchi 10 hufunguka kiasi cha sentimita 5 hivi, na kwa nyumba ya kawaida vitu vingi unavyokutana navyo vinaingia humo. Kile kikata waya wengi hukidharau. Waya mgumu usiokatika kwa plaizi ya kawaida, uweke pale, funga, fungua, kaza skrubu ya nyuma robo mzunguko, funga tena. Utausikia unakatika kabla kiganja hakijachoka.

Ya pili iwe ya mdomo mrefu, inchi 6. Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na sifichi upendeleo wangu. Inavuta pini iliyokunjwa kwenye baiskeli, inanyoosha springi ya breki hadi kwenye tundu lake, inashika nati ndogo mahali pake wakati unaibandika kwa moto. Ila usiitumie kupotosha chuma. Midomo ni myembamba, na ikishapishana hata kidogo haishiki tena kitu chembamba, na hicho ndicho ulichoinunulia.

Kisha, kwa kuwa unajifunza kuchomelea, nunua mbili za umbo la C, inchi 11, zifanane kabisa. Nasema mbili kwa sababu ukibana kwa moja, kipande kinaizunguka mara tu kipatapo joto, na pembe uliyoipima kwa makini inaondoka. Klempu hizi zipo za ncha tupu na zipo zenye vikanyagio vinavyochezacheza kwenye ncha za mataya. Wauzaji watakusifia za vikanyagio. Kwa mbao, kwa chuma kilichopakwa rangi au chenye mwinamo, ni kweli zinafaa. Kwa kuchomelea chukua za ncha tupu: cheche zikidondokea kwenye kiungo cha kikanyagio zinaganda humo, na baada ya muda kinakaa upande mmoja daima.

Hizo nne zinakutosha kuanza. Utaona sijataja ya mataya yaliyonyooka, ambayo mafundi wengi wangeiweka ya pili. Ina shida moja ambayo maboksi hayaielezi. Taya la chini linazunguka kwenye pini, kwa hiyo mataya mawili yako sambamba kwenye uwazi mmoja tu. Ukibana chuma chembamba kuliko hapo au kinene kuliko hapo, unashika kwa ncha peke yake au kwa koo peke yake. Ni nzuri kwa mtu anayefanya kazi na flatibaa, yaani vyuma bapa, za unene uleule siku zote. Wewe bado.

Na ile moja ya kampuni inayojulikana? Kama ina taya nililolitaja, ichukue. Kama ni ya taya lingine, jina lake halitakusaidia.

SWALI: Mama fundi, majina ni mengi na mengine yameigwa hadi herufi. Nikiishika vaisigripu mkononi, nitaijuaje kuwa ni ya kweli na siyo bati lililopakwa nikeli? – Macho Mawili

JIBU: Ukijua inavyofanya kazi ndani utajua pa kutazama.

Mpini wa juu na taya la juu ni kitu kimoja, na skrubu imeingia nyuma ya mpini huo. Mpini wa chini umeungwa kwa pini na taya la chini. Katikati kuna kiungo kifupi cha chuma: kichwa chake kimoja kina pini kwenye mpini wa chini, kingine kinaegemea ncha ya skrubu. Ukiminya, pini ya taya, pini ya kiungo na ncha ya skrubu zinaanza kujipanga kwenye mstari mmoja. Kadiri zinavyoukaribia mstari huo, mpini unasafiri sana na taya linasogea kidogo mno, na ndiyo maana nguvu ya kiganja kimoja inaweza kuacha alama za meno kwenye chuma. Zikiuvuka mstari kidogo tu, kitu kilichobanwa kinausukuma mpini uzidi kufunga. Hapo ndipo unaposikia ule mlio. Springi haibani chochote. Kazi yake ni kulifungua taya ukishaachia.

Kwa hiyo mzigo wote unakaa kwenye pini na ncha ya skrubu. Anzia hapo. Shika taya la chini ulitikise kushoto na kulia. Likicheza kwa upande, tundu la pini limepanuka au halikutobolewa vizuri tangu kiwandani, na hakuna dawa. Zungusha skrubu kwa vidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Inatakiwa iende laini. Ikikwama mahali pamoja halafu ikalegea, imepinda. Itoe kabisa utazame ncha yake: iwe ya mviringo na laini, isiwe imebondeka. Tazama na kiungo mahali ncha inapogusa. Shimo dogo lililong'aa ni sawa, ni alama ya kazi. Ufa si sawa.

Halafu mataya. Yafunge polepole hadi yakutane, uinue koleo usawa wa dirisha. Mwanga ukipita upande mmoja tu, mataya yamekaa mshazari. Kama huamini macho yako, kata vipande viwili vya karatasi nyembamba, weka kimoja kila ukingo wa taya, funga kwa nguvu ndogo, uvivute vyote viwili. Kimoja kikitoka na kingine kikibaki, umepata jibu. Njia hii inafaa sana kwa mdomo mrefu.

Kuhusu bati: mpini wa juu kwa vaisigripu nyingi, hata zile bora, ni bamba la chuma lililokunjwa. Usiikatae kwa hilo. Kinachotakiwa kuwa chuma kilichofuliwa ni mataya. Muulize mwenye nayo kama atakuruhusu ulijaribu taya kwa tupa, ubavuni, mahali pasipoonekana. Tupa ikiteleza bila kuuma, chuma kimekazwa kwa moto. Ikila na kutoa unga, meno yale hayatadumu. Akikataa usigombane naye, ni haki yake, tazama tu kama ncha za meno zimeshaanza kung'aa na kulala wakati koleo ni mpya. Herufi Cr-V zilizogongwa mpinini zinamaanisha chuma kilichochanganywa kromu na vanadiamu, na ni chuma kizuri. Lakini herufi mtu yeyote anaweza kuzigonga.

Mwisho, kilimi cha kufyatulia, kile kidude kilichomo ndani ya mpini wa chini. Ifunge koleo kwenye kitu kigumu, kisha ufyatue kwa mkono uleule mmoja. Usipoweza, hutaipenda. Kuna za aina mpya zisizo na kilimi, unafungua kwa kuuvuta mpini wenyewe kwa nje. Ni za haraka, ila kwenye nafasi finyu ambapo mpini hauna pa kwenda zinaudhi.

SWALI: Shikamoo mama. Marehemu baba ameniachia sanduku la vaisigripu za zamani, nyingine zimeandikwa Petersen, DeWitt, Nebr. Zina kutu. Chache hazina kabisa kile kilimi cha kufungulia. Ndugu zangu wanasema tuziuze kwa kilo kama vyuma chakavu. Zina thamani? Na nizisafishe vipi? – Mrithi wa Chuma

JIBU: Marahaba, na pole kwa msiba. Waambie ndugu zako wasubiri kidogo.

DeWitt ni mji mdogo katika jimbo la Nebraska, Marekani, na ndiko koleo hizi zilikoanzia. William Petersen alikuwa mhunzi aliyehamia huko kutoka Denmark. Hataza yake ya kwanza, yaani hati ya kulinda ubunifu, ni ya 1921. Ile yenye mpini unaojifunga ni ya 1924. Aliziita Vise-Grip, na alianza kwa kuwauzia wakulima na mafundi wa magari. Kilimi cha kufungulia kwa urahisi kiliongezwa 1957. Kwa hiyo Petersen isiyo na kilimi kwa kawaida ni ya kabla ya mwaka huo, lakini hakikisha kwanza hakijakatika. Tazama ndani ya mpini wa chini: ukikuta tundu la pini lisilo na kitu, kilikuwapo kikapotea, na koleo si kongwe kama inavyojidai.

Kiwanda cha DeWitt kilifungwa 2008 na utengenezaji ukahamia China. Jina la Vise-Grip lenyewe tangu 2017 liko chini ya kampuni ya Stanley Black & Decker. Baadaye kampuni nyingine, Malco, ilirudisha utengenezaji wa koleo za aina hiyo mjini humohumo kwa jina la Eagle Grip. Kufungwa kule kwa 2008 ndiko kunakowafanya wakusanyaji waitafute ile anwani ya DeWitt iliyogongwa mpinini. Usidhani hata hivyo kwamba kila yenye maandishi hayo ni hazina. Zilitengenezwa kwa miaka mingi na kwa wingi. Ukikuta humo sandukuni zilizoandikwa Mole, hizo ni za Uingereza, ambako jina hilo limekuwa la koleo zote za aina hii.

Sasa soma namba. Namba kwa kawaida ni urefu kwa inchi, herufi ni taya. WR ni mataya yaliyopinda yenye kikata waya, CR yaliyopinda bila kikata waya, LN mdomo mrefu, SP klempu yenye vikanyagio. R peke yake imebeba mizigo mingi, hapo itabidi ukariri: 10R ni ya mataya yaliyonyooka, 11R ni klempu ya umbo la C, 9R ni ya wachomeleaji, ile ya mataya yenye umbo la U, 8R ina taya pana la kukunjia bati, na 20R ni ya mnyororo unaozungushwa kwenye bomba. Zipo pia klempu 18R na 24R, ndefu kama namba zinavyosema, zinazofika katikati ya bamba pana. Zitandaze zote mezani ukizipanga kwa taya. Zinazofanana tano, bakisha mbili zilizo nzima kuliko nyingine, hizo nyingine ndugu wagawane. Ila 8R, 20R na zile ndefu zisiondoke nyumbani hata zikiwa na kutu ya kutisha. Mkusanyaji wa majina atakutamania ile isiyo na kilimi. Mimi ningekutamania ile 8R ya kukunjia bati.

Kutu. Grainda iweke mbali, na moto pia. Grainda inakula meno na maandishi kwa pamoja. Moto unalegeza ukazo wa chuma, na taya lililolegea ukazo halirudi. Anza na mafuta ya taa na brashi ya waya wa shaba. Mara nyingi inatosha, kwa sababu kutu unayoiona imekaa juu ya nikeli na haijaingia ndani. Palipobaki tumia siki. Toa skrubu yote, chomoa kiungo kutoka mpini wa juu, kisha uinasue springi kwa plaizi ya mdomo mrefu ukiwa umevaa miwani, maana inaruka. Springi isiingie kwenye siki kabisa: asidi inaweza kuifanya iwe dhaifu na ikatike siku unayoihitaji. Mataya na mipini yalaze kwenye siki, uyatazame kila baada ya saa chache, usiyaache na kuyasahau. Nikeli iliyoanza kubanduka itazidi kubanduka humo. Ukiona kutu imelainika, sugua, suuza kwa maji yenye bikaboneti ya soda kidogo, kausha papo hapo, paka oili. Ukichelewa kukausha, kutu mpya ya rangi ya machungwa itakuja mbele ya macho yako.

Wapo watakaokushauri kutumia umeme ndani ya ndoo ya maji na magadi. Kwa chuma kitupu inafanya kazi vizuri, lakini kamwe usitumie kipande cha chuma kisichoshika kutu kwenye ndoo hiyo, wala usiiingize koleo iliyopakwa kromu. Kromu inayoyeyuka humo ni sumu kali, na maji yale huna pa kuyamwaga.

Ikishakuwa safi, tone moja la oili kwenye kila pini, grisi kidogo kwenye nyuzi za skrubu. Weusi uliobaki kwenye mpini uache. Ni wa mikono ya baba yako.

SWALI: Kaka yangu anafungulia nati zote kwa vaisigripu, hata zilizo nzima. Mimi nasema atumie spana. Tuamulie. – Mdogo Mtu

JIBU: Una haki. Meno ya vaisigripu yanaziuma kona za nati, na nati iliyoumwa mara mbili spana haiikubali tena. Muulize kaka yako kwa nini kila nati aliyoigusa sasa inafunguka kwa vaisigripu tu.

Ila usiende mbali sana na ushindi wako. Nati ikiwa imeshalika na spana inazunguka bure, hapo ni zamu ya kaka. Aimwagie mafuta ya kulegeza kutu, aipe muda, aigonge kwa nyundo ubavuni mara kadhaa, kisha aiingize hadi kooni kabisa mwa mataya yaliyopinda, asiishike kwa ncha. Aikaze hadi inakaribia kukataa kufunga. Na asiongeze bomba mpinini ili kupata nguvu. Mpini wa bamba lililokunjwa utafunguka kabla ya nati. Bolti ambayo nyuzi zake bado anazihitaji asiishike hapo kwenye nyuzi.

SWALI: Vipi hizi mpya zinazojirekebisha zenyewe, huhitaji kuzungusha skrubu kila unapobadilisha unene? – Mpenda Mambo Mapya

JIBU: Zinafanya zinachoahidi. Unafunga kwenye kitu chembamba, unafunga kwenye kinene, na taya linajipanga lenyewe. Skrubu yake inapanga ukali wa kubana, haipangi uwazi. Kwa mtu anayeruka kutoka baiskeli hadi bomba hadi kiti, ni raha. Lakini nikiwa nabana vipande vingi vya unene uleule, naitaka ile ya kizamani, kwa sababu nikishaipanga mara moja inafunga vilevile kila mara, na kiganja kinajua kabla ya jicho. Tena ya kujirekebisha ina vipande vingi ndani, na vumbi la grainda linavipenda. Moja itoshe, na isiwe ya kuchomelea.

SWALI: Yangu ina mipini iliyovikwa plastiki nene. Naweza kushikia waya wenye umeme? – Bila Jina

JIBU: Hapana. Plastiki hiyo ni ya starehe ya kiganja. Koleo za kazi ya umeme hupimwa na kuandikwa 1000 V mpinini, na vaisigripu yako haina maandishi hayo. Zima umeme kwanza.

SWALI: Mama fundi, nimeifunga kwenye bomba na sasa kilimi hakisogei. Nimefikiria nyundo. – Nimekwama

JIBU: Nyundo iweke chini, na bisibisi uliyokuwa unaifikiria baada ya nyundo pia. Ukichokonoa chini ya kilimi utakipinda, na kilimi kilichopinda hakina kazi tena. Njia ya kutoka ni skrubu. Irudishe nyuma. Kama kichwa chake kina tundu la pembe sita, tumia ufunguo wake. Kama ni cha kuzungusha kwa vidole, kizungushie ngozi au kitambaa kinene na ukishike kwa koleo nyingine. Itakuwa ngumu kwa robo ya kwanza, kisha italegea ghafla. Uso na vidole visikae kwenye njia ya mpini.

Halafu ujifunze kuipanga. Taya liguse kitu mipini ikiwa imefungwa, fungua, ongeza kati ya robo na nusu mzunguko, funga. Inatakiwa ifungike kwa mkono mmoja kwa nguvu ya kawaida. Ukilazimika kutumia mikono miwili au kuibana kwa goti, umezidisha. Kwa bomba jembamba hata nusu mzunguko ni nyingi, utaliacha na shavu.

SWALI: Shikamoo. Nina vaisigripu mbili za inchi 10 ambazo meno yamekwisha kabisa. Zinafunga vizuri ila hazishiki. Nizitupe? – Asiyependa Kutupa

JIBU: Marahaba. Ungekuwa jirani ungezileta kwangu. Koleo zilizokwisha meno lakini pini zake bado ni nzima ndizo ninazozikusanya kwa bidii, kwa sababu kwa hizo naweza kutengeneza taya ambalo hakuna kiwanda kinachonitengenezea.

Moja ifanye ya kushikia bomba. Kata vipande viwili vifupi vya chuma cha engo, kile chenye umbo la L, kimoja kwa kila taya, mgongo wa pembe ukiwa upande wa taya, ili vikikutana viache nafasi ya almasi katikati. Mabomba mawili ya kuunganishwa kichwa kwa kichwa yakilala humo yananyooka yenyewe. Nyingine ivishe mabamba mawili bapa, upana wa vidole vinne hivi, kwa ajili ya kukunja kingo za bati.

Kabla ya kuchomelea, saga nikeli au kromu yote mahali utakapoweka moto, na ufanye kazi hiyo mahali penye hewa inayopita. Moshi wa metali hizo si wa kuvuta. Toa springi. Toa na skrubu, futa grisi yake. Ukishasafisha, rudisha skrubu peke yake, bana kipande cha bomba lenyewe unalotaka kuja kulishika, pamoja na vile vipande vya engo mahali pake, ndipo ubandike nukta ndogo ya kuchomelea kila upande. Usibandike taya likiwa wazi kwa kukisia. Kumbuka lile tatizo la usambamba nililomwambia Mwanafunzi wa Uzeeni. Vipande vyako vitakuwa sambamba kwenye unene mmoja tu, na unene huo unauchagua sasa.

Fungua, tazama kama vinakutana sawa, rekebisha nukta kama bado ni laini, kisha umalizie. Chomelea kidogo kidogo ukipumzisha, na uache chuma kipoe chenyewe. Ukikitumbukiza kwenye maji, taya lililokuwa limekazwa linaweza kupasuka palepale kwenye mshono. Ikishapoa rudisha springi, tia oili, na uchonge mpinini kwa tindo unene wa bomba uliloitengenezea, maana mwakani hutaukumbuka.